Krapf Aliyekosa Kuwa Kwenye Mtihani Wako

Ukivuka kutoka kisiwani Mombasa uende upande wa Nyali, kuna kaburi ambalo wengi wetu hulipita tukikimbilia ufuoni. Liko hapo tangu Julai 1844. Amezikwa Rosine Krapf, mke wa mmishonari kutoka Ujerumani, na binti yao mchanga aliyeishi siku chache tu. Homa iliwamaliza wote wawili ndani ya wiki moja. Mume naye alikuwa kitandani, homa hiyo hiyo ikimchoma, hata nguvu za kuomboleza vizuri hana.

Huyo mume unamjua. Ni Johann Ludwig Krapf. Shuleni ulikariri kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, ukaandika jibu, ukapewa alama yako, mkaachana hapo. Sasa nikupe ile sehemu ambayo mwalimu aliiruka: jamaa huyu karibu kila kitu kilimwendea mrama.

Kwanza kabisa, Mombasa haikuwa ndoto yake. Alikuwa Ethiopia tangu 1837, akitaka kuwafikia Waoromo. Wakamfungia mlango. Huko huko, wakiwa safarini nyikani, Rosine alijifungua mtoto wao wa kwanza ambaye hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Krapf akachora mpango mwingine: kama kaskazini hakupitiki, nitawafikia Waoromo nikitokea kusini. Hivyo ndivyo alivyoshuka pwani yetu. Hata safari yenyewe nusura imzamishe, maana chombo walichopanda Aden mwishoni mwa 1843 kilianza kuingiza maji baharini.

Weka hayo akilini: mtoto wa kwanza, mke, mtoto wa pili, wote wameenda. Mwaka ni 1844, na kazi aliyokuja kufanya hata haijaanza.

Wewe ungefanya nini? Mimi ningetafuta jahazi la kurudi nyumbani, tena asubuhi hiyo hiyo. Krapf alibaki. Akawa anakaa na wenyeji, kadhi mmoja wa Mombasa akiwa miongoni mwao, wakimsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hebu piga picha: padri Mzungu na kadhi wa Kiislamu, meza moja, wakitafuta neno sawasawa. Kila neno aliloliandika, kuna mtu wa hapa aliyemfundisha. Hilo nalo halikuwa kwenye mtihani.

Mwaka wa 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann. Agosti wakapanda kwenda Rabai kuanzisha kituo. Usifikirie msafara wa kifalme. Wote wawili wagonjwa, punda ni mmoja, wanapokezana. Huyu akichoka kutembea, yule anashuka. Ndivyo misheni ilivyozinduliwa.

Rebmann naye alikuwa na zake. Mei 1848 alifika karibu na Kilimanjaro, mwavuli ukiwa maarufu kuliko silaha yoyote kwenye safari hiyo, akaona weupe kileleni. Akaandika kwamba ni theluji. Wataalamu wa jiografia kule London wakamcheka, hasa William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Eti theluji karibu na ikweta? Krapf alipouona Mlima Kenya kutoka Kitui, Desemba 3, 1849, naye akatiwa kwenye kapu hilo hilo. Walingoja zaidi ya miaka kumi kabla wasafiri wengine kufika Kilimanjaro na kuthibitisha habari ya theluji. Leo tungesema walitrollwa na mtu ambaye hajawahi kutoka nyumbani.

Mwaka huo wa 1849 Rebmann alirudi Uchagani akitaka kupita hadi bara ndani zaidi. Alipofika Machame, Mangi akamwomba zawadi. Akatoa. Akaombwa tena. Akatoa tena. Mwisho bidhaa zote za safari zikaisha, na Rebmann akalia machozi ya kweli mbele ya watu. Akageuza, mvua ikimnyeshea njiani.

Lakini safari iliyovunja rekodi ni ya Krapf, mwaka wa 1851. Alikuwa Ukambani na mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa huko, wakielekea Mto Tana. Majambazi wakawavamia. Kivoi akauawa. Krapf akakimbilia msituni peke yake, bila chakula. Akafika mtoni akanywa, halafu akagundua hana cha kubebea maji. Akajaza kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini. Maji yakamwagika njiani. Kilichomwokoa baadaye ni nyani: alifuata sauti zao, akakuta shimo walilochimba mchangani, lina maji. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, badala ya pole akapewa lawama: mbona mwenyeji wako amekufa na wewe uko hai? Akasikia maisha yake yako hatarini, akatoroka usiku.

Mwaka wa 1853 aliondoka, afya imeharibika. Waoromo hakuwafikia. Waumini aliowaacha Rabai walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Hebu andika hiyo kwenye ripoti ya kila mwaka uwatumie waliokulipia nauli.

Sikuambii umuonee huruma tu. Alikuja akiamini sisi tuko gizani, na milima aliyo"gundua" ilikuwa na majina na wenyewe. Lakini mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza, ninayeulizwa na mashangazi kila Krismasi "sasa umefika wapi?", huwa namwangalia huyu jamaa kwa jicho lingine. Kwa kipimo alichojiwekea, alifeli. Kilichobaki ni zile kazi za pembeni. Sarufi ya Kiswahili ilichapishwa 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka 1882, yeye akiwa ameshazikwa mwaka uliotangulia. Na jina la mlima alilolisikia kwa Wakamba, akaliandika kadiri sikio lake lilivyolipokea, leo liko kwenye pasipoti yako.

Siku ukienda Rabai, makumbusho yapo. Lakini anza na kaburi la Nyali. Simama dakika mbili. Ufuo hautahama.