"YOU DON'T SAY!" SIYO TUSI JAMANI

Leo tuongelee msemo mmoja wa Kizungu ulionikosesha dili mwaka 2007, usije ukakukosesha na wewe.

Nilikuwa kwenye intaneti kafe hapa Nyakato, nachati na Mzungu mmoja aliyekuwa anapanga kuja Mwanza. Mimi ndiye ningemtembeza, Jiwe la Bismarck, Kisiwa cha Saanane, kote huko. Akauliza habari za samaki. Nikamwambia sangara tunayemuuza mpaka Ulaya siyo mwenyeji wa Ziwa Victoria, alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Jamaa akajibu: "You don't say!"

Mimi na C yangu ya kidato cha nne nikatafsiri neno kwa neno: "wewe husemi". Nikaona ananiambia nifunge mdomo. Nikamporomoshea maneno, nikafunga na kuondoka, dakika kumi nilizolipia nikaziacha pale pale. Hakuandika tena.

Kumbe mwenzangu alikuwa anashangaa tu! Msemo huo ndiyo "Usiniambie!" yetu. Hebu fikiria, rafiki yako anakwambia "fulani kaoa jana", wewe unaruka "Usiniambie!" Unamkataza asikwambie? Wapi! Unataka amwage yote. Ndiyo hivyo hivyo na "Get out of here!" Hufukuzwi mtu hapo, ni kama "Acha wee!"

Ila angalizo. Ukisema jambo ambalo hata mtoto analijua, mfano "Mwanza kuna mawe mengi", halafu mtu akakujibu "You don't say!", hapo unakejeliwa. Ni kama sisi tunavyovuta "Kumbeeee!" Ndiyo maana ile picha ya Nicolas Cage katoa macho, kutoka sinema ya Vampire's Kiss, watu wanaibandika kumcheka aliyeleta habari iliyochacha.

Utajuaje ni lipi? Angalia ulichosema wewe kabla. Kama ni habari mpya kwake, kashangaa, endelea kumpa. Kama kila mtu anaijua, anakucheka. Ukiwa huna uhakika, muulize ana maana gani kabla hujachemka. Na usiutumie kwenye barua ya kuomba kazi, ni lugha ya maongezi.

Haya wadau, wewe msemo gani ulishakuingiza mkenge? Mwaga hapo chini tucheke wote. Tupo pamoja!