Laptopu Ikikataa Kuona Diski, Okoa Hesabu Kwanza

Siku hizi hesabu za vikundi vyetu vingi vya akiba hapa kisiwani zimo ndani ya laptopu moja tu. Siku ikigoma, mweka hazina anatoka jasho na wanachama wanaanza kunong'onezana.

Haiwaki kabisa? Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake. Mara nyingi huamka.

Inawaka lakini inasema hakuna diski? Izime, iwashe huku ukibonyeza F2 (nyingine ni F10 au Delete). Jina la diski likionekana pale, huenda ni Windows tu iliyoharibika. Lisipoonekana, huenda kiunganishi kimelegea au kimeshika kutu; kule Mji wa Kale hewa ya chumvi haina huruma. Fundi aichomoe diski na kuirudisha. Lakini ukisikia inagonga ndani, ta-ta-ta, zima! Kila ukiwasha unaiumiza zaidi.

Sasa hapa ndipo vikundi huumia. Fundi atakwambia, "Mama, niweke Windows mpya, dakika chache tu." Usikubali kabla hajaitoa diski, akaitia kwenye kasha la USB na kunakili mafaili yenu katika kompyuta nyingine. Akiisafisha kwanza, michango ya miaka imekwenda. Na wewe kaa papo hapo dukani: namba za vitambulisho vya wanachama zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Flashi yenye nakala akae nayo katibu, isitiwe mkoba mmoja na laptopu.