Kupima Hulka ya Kima kwa Kumwonyesha Mgeni

Ndugu wanafunzi, mgeni akibisha hodi, watoto wa nyumba moja hawafanani. Mmoja hukimbilia mlangoni, mwingine hujificha nyuma ya kanga ya mama. Jinsi hiyo ya kila mmoja twaiita hulka. Mtu aweza kuulizwa kama anaogopa. Kima je, atapimwaje?

Mwaka 1989 Ned Kalin na Steven Shelton, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, walieleza njia moja. Walitumia kima wa aina ya resusi, ambao asili yao ni Asia. Mtoto wa kima hutengwa na mama yake, akatiwa kizimbani peke yake. Kwanza huachwa hivyo, naye huzungukazunguka akitoa sauti nyororo ya kumwita mama. Kisha huingia mtu asiyemjua, akasimama karibu, uso ameugeuza upande. Kima hunyamaza, akatulia tuli, hasogezi hata mkono. Mwishowe mgeni humgeukia na kumkazia macho. Sasa kima hubweka, huonyesha meno, hutikisa kizimba.

Angalieni: mtu ni yule yule, kizimba ni kile kile. Kilichobadilika ni macho tu! Asiyekutazama huenda hajakuona, basi heri utulie. Lakini kwa kima, kukaziwa macho ni kutishwa.

Kazi ya mpimaji ni kuhesabu: ametulia sekunde ngapi, amebweka mara ngapi? Asiandike "huyu mwoga", aandike alichokiona. Hapo ndipo wengi wetu hukosea, hata kwa watoto wetu. Hesabu zikilinganishwa, huonekana kwamba kima mmoja hutulia kitambo kidogo tu, na mwenzake muda mrefu sana.

Huko Davis, California, mpango wa kupima hivyo ulianzishwa mwaka 2001, kwa watoto wa miezi mitatu hadi minne. Mgeni husimama mbali, kisha karibu, uso upande. Halafu vivyo hivyo akikaza macho, dakika moja kila mara. Vipimo vyote huchukua kama siku moja na usiku wake, ndipo mtoto arudishwe kwa mama. Si taabu ndogo kwa mtoto, nami siwafichi. Lakini faida ilipatikana: wataalamu waliona kwamba wale waliokuwa wakimya na wazito wa kujitokeza ndio ambao njia zao za pumzi zilikuwa nyepesi kubana, kama za mwenye pumu.