Waranti Imekwisha, Gari Limechemsha

Leo nataka tuzungumze habari za gari bovu. Najua wapo watakaosema, mimi sina gari, hayo hayanihusu. Lakini ndizi uliyokula jana haikutembea kwa miguu kutoka Rungwe hadi sokoni. Ililetwa na gari, na gari hilo likilala gereji kuna watu wanalala na njaa, na wengine wanarudishwa shule kwa kukosa ada.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Mwaka 2019 mimi na mdogo wangu anayeishi nyumbani kwetu Kinyala, wilayani Rungwe, tulichanga fedha tukanunua pikapu ya mtumba kutoka kwa mfanyabiashara wa magari. Kusudi letu lilikuwa kubeba ndizi na viazi kuvipeleka Mbeya. Muuzaji alitupa karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba injini na giaboksi vina waranti ya miezi mitatu. Tulifurahi, tukaihifadhi karatasi ile kama cheti cha ndoa.

Mwezi wa tano simu ikalia alfajiri. "Shikamoo kaka. Gari limechemsha."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nipo mlimani, karibu na Isongole. Nina mzigo wa watu."

Nikamwuliza kama alisimama mara tu mshale wa joto ulipopanda. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nilidhani nitafika."

Gari lilivutwa hadi gereji moja ya karibu. Fundi alifungua boneti, akatazama kwa dakika chache, akatoa hukumu: injini imekufa, tafuteni nyingine, shilingi milioni nne na nusu pamoja na ufundi. Nilimpigia simu muuzaji. Alinijibu kwa upole kabisa, "Mzee, soma karatasi yako. Miezi mitatu imekwisha." Nikaisoma. Kweli ilikuwa imekwisha, na hata isingekwisha, chini kwa maandishi madogo ilisema kwamba gari likichemsha, muuzaji hahusiki.

Sasa tuulizane, waranti ni nini hasa? Waranti ni ahadi ya anayetengeneza au anayeuza kwamba kitu kikiharibika ndani ya muda fulani kwa kosa lisilo la mtumiaji, yeye atakitengeneza kwa gharama yake. Kwa gari jipya, ahadi ya miaka 3 au kilometa 100,000, kitakachotangulia, ni ya kawaida. Lakini sehemu kubwa ya magari yanayopita barabarani kwetu si mapya. Ni ya mtumba, mengi kutoka Japani. Huko Japani gari jipya la kawaida hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi ule pamoja na matengenezo yake ni ghali. Mjapani huona heri auze anunue jingine. Kwa hiyo gari linapopakiwa melini, waranti ya kiwandani aghalabu ilishakwisha zamani. Sisi tunanunua gari na matatizo yake yote ya kesho.

Yupo mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, ambaye mwaka 1970 aliandika makala akitumia mfano wa soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni nyepesi: muuzaji analijua gari lake kuliko mnunuzi. Mnunuzi, kwa kuogopa kuuziwa bovu, hutoa bei ya chini. Mwenye gari zuri huona bei ile haimtoshi, hujitoa sokoni, na mabovu yanazidi kujaa. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Waranti ni mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, maana muuzaji anayeliamini gari lake haogopi kuahidi. Ndiyo sababu ahadi ya miezi mitatu yenye vipengele kumi vya kukataa kulipa inapaswa kukuambia jambo kabla hujatoa fedha.

Je, waranti ikiisha, haki zote zimekwisha? La. Tanzania tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kwa ujumla inataka anayefanya biashara ya kuuza kitu fulani auze kitu chenye ubora unaokubalika, hata kama hamkuandikiana waranti. Tena ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na inayokataza kumdanganya mlaji katika biashara. Aliyerudisha nyuma kilometa za gari, au aliyekuuzia spea ya bandia kwa jina la halisi, hawezi kujificha nyuma ya waranti iliyokwisha.

Lakini tusidanganyane. Sheria ya mauzo inasema pia kwamba kama ulilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Ukinunua kwa jirani asiye mfanyabiashara wa magari, kinga ile ya ubora haipo. Na kadiri miezi inavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuthibitisha kwamba ubovu ulikuwepo siku ya kununua. Sisi tulipopima tuliona kesi yetu ni dhaifu, kwa kuwa dereva aliendelea kuendesha huku mshale umepanda. Tukaamua nguvu zetu ziende kwenye gari.

Hapo ndipo nilipofanya jambo moja la maana. Nilikataa kununua injini siku ile. Nilimlipa fundi wa kwanza kwa kazi aliyoifanya, nikamleta fundi mwingine, mzee aliyezoea magari ya milimani, nikamwambia, "Fundi, leo sitaki utengeneze. Nataka unieleze ugonjwa tu, na nitakulipa kwa hilo."

Alikaa na gari nusu siku. Alipima mgandamizo wa kila silinda, akafungua hedi, akaniita. Gasket ilikuwa imeungua na hedi imepinda kidogo, lakini pistoni na krankshafti vilikuwa salama. Kisha akaniwekea mkononi mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. "Mzee," akasema, "huyu ndiye mwizi wako."

Nilidhani ananitania, akanifafanulia. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Mji wa Tukuyu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Uyole inazidi kupanda. Penye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi kama 93. Injini yenye mzigo mlimani inafikia joto hilo bila shida. Kinachozuia maji yasichemke ni ule mfuniko. Unayabana, shinikizo linapanda, na kiwango cha kuchemka kinaongezeka kwa nyuzi 20 hivi. Mpira ukipasuka, kinga hiyo haipo. Maji yanageuka mvuke, yanapungua, na hedi ya alumini inapanuka kuliko chuma kilicho chini yake hadi inapinda. Gari lilelile lingeweza kuzunguka Kyela, chini kwenye tambarare karibu na Ziwa Nyasa, kwa miezi bila kuonyesha ugonjwa.

Hedi ilisawazishwa kwa mashine, tukanunua gasket, mfuniko mpya na maji maalumu ya rejeta badala ya yale tuliyokuwa tukichota mtoni, ambayo huleta kutu. Jumla ilikuwa shilingi laki tisa na kidogo. Si fedha ndogo. Mdogo wangu aliuza ng'ombe aliyekuwa amemweka kwa ajili ya ada. Lakini si milioni nne na nusu.

Kutokana na hayo, ndugu zangu, nawapa mambo machache.

Kwanza, tenganisha kupima na kutengeneza. Anayepima ndiye atakayeuza injini akishapima, na jicho lake linaweza kuvutwa na faida hata kama si mwizi. Kwa kazi kubwa, sikia mafundi wawili wasiojuana.

Pili, dai makadirio kwa maandishi, spea mbali na ufundi mbali, na mkubaliane kwamba hakuna kitu kitakachoongezwa bila kukuuliza. Omba urudishiwe spea ya zamani uione. Chukua risiti halali, maana bila risiti huwezi kuthibitisha ulinunua wapi. Na uulize, ufundi huu una dhamana ya muda gani? Fundi mzuri haogopi swali hilo.

Tatu, kabla ya kulipa fanya hesabu. Gari likiwa zima litauzwa shilingi ngapi? Likiwa bovu kama lilivyo, shilingi ngapi? Kama tofauti ya bei hizo mbili ni ndogo kuliko gharama ya matengenezo, na huna hakika litakuzalishia, kuliuza bovu si aibu. Usiseme, nimeshatumia nyingi siwezi kuacha. Zilizokwisha kutumika hazirudi kwa kuzifuata na nyingine.

Nne, ukiamua kuweka injini ya mtumba, kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Dai hati za mauzo na uandikishe badiliko hilo TRA, la sivyo utakuwa na kesi juu ya hasara. Wala usitegemee bima. Hata bima kubwa hulipia ajali, moto na wizi, haikununulii spea iliyochakaa.

Tano, fedha zikiwa chache, breki, usukani na matairi vitangulie. Gari lisilowaka halimwui mtu. Linalowaka bila breki kwenye mteremko wa Rungwe siku ya mvua linaua.

Sita, weka akiba ya gari kila wiki, hata kama ni ndogo, kwenye kikundi au benki. Gari la biashara linakula kila siku, tofauti ni kwamba siku nyingine linakula kwa mkupuo. Na likianza kuchemsha, simama. Zima injini, ngoja ipoe, usifungue rejeta ya moto wala usimwagie injini maji baridi. Mzigo wa ndizi ukichelewa, bei inashuka. Hedi ikipinda, ng'ombe anauzwa.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wetu ulikuwa kipande cha mpira kisichozidi upana wa sarafu chache, na katika miezi yote mitano hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuugusa ule mfuniko na kuutazama. Siku hizi mdogo wangu huutazama kila Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla ya kwenda kanisani. Ile karatasi ya waranti bado ninayo. Nimeibandika ukutani karibu na kitanda ili niisome kabla ya kununua kitu kingine chochote.