Rev, Protini Inayovusha Nakala za VVU

Msomaji wa Morogoro anauliza: VVU vikishajipachika kwenye DNA yetu, maelekezo ya kuunda virusi vipya hutokaje ndani ya kiini cha seli? Habari za kuingia zimeshaandikwa mno, naziruka. Utamu uko kwenye kutoka.

Seli haitoi RNA, yaani nakala ya DNA, ikiwa mbichi. Nakala hukatwa vipande visivyotakiwa, ikaungwa, ndipo ipite kwenye tundu la kiini. (“Tundu” naliandika shingo upande, mtambo wa mamia ya protini unastahili kuitwa lango. Basi na liwe lango.) VVU vinataka nakala yao nzima, yenye herufi kama 9,000, itoke bila kukatwa. Kazi hiyo ni ya Rev, protini ya asidi amino 116 tu.

Chukulia lango hilo ni la bandari, lenye wapagazi wa kuingiza na wa kutoa. Ndani yuko karani wa mihuri, kang'ang'ania DNA yenyewe. Nje yuko afisa anayefuta kila muhuri unaotoka. Muhuri wenyewe ni protini iitwayo Ran, ikiwa imeshika molekuli ndogo iitwayo GTP. Basi ndani mihuri imejaa tele, nje ni haba. Mpagazi wa kuingiza akipewa muhuri hutua mzigo papo hapo. Wa kutoa bila muhuri hashiki mzigo sawasawa. Muhuri mmoja, amri mbili zinazopingana!

Sasa mtazame Rev. Lebo yake ya kuingilia imejaa arginini, na mpagazi wake, importini beta, huishika hiyo. Akishamtua ndani, lebo inabaki wazi, na ni sehemu hiyohiyo Rev anayoitumia kuikamata RNA ya virusi. Akiikamata, lebo ya kuingilia imefunikwa. Inabaki ya pili, yenye lusini, iliyotambuliwa mwaka 1995, na hiyo humwita mpagazi wa kutoa, CRM1. Wakifika nje muhuri unafutwa, mzigo unaachiliwa, Rev anarudi kuchukua mwingine. Kwa kweli Rev kadhaa hujipanga juu ya RNA moja, ila tusiharibu hadithi.

Je, mpagazi huyo wa kutoa akizibwa? Kemikali iitwayo leptomisini B humziba CRM1, Rev akakwama ndani. Lakini seli zetu nazo hupitisha protini nyingi kwa mpagazi huyo, kwa hiyo sumu yake haichagui. Dawa ya selinexor, inayomziba CRM1 vilevile, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, kwa mieloma, saratani ya uboho.