Kipande cha Nyama Kinachovuka Feri

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, wameunda chombo cha akili unde, MangroveGS, kinachosoma jeni za uvimbe wa saratani ya utumbo mpana na kukisia kama itasambaa. Hupatia karibu mara 80 kwa 100. Mgonjwa asiye na hatari aepushwe dawa kali, mwenye hatari awahiwe. Mpango mzuri.

Sasa ulete Likoni, Mombasa. Mtu anatokwa na damu chooni, anaambiwa ni bawasiri, ananunua dawa miezi na miezi. Anapovuka feri kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, saratani huenda imeshafika kwenye ini. Hapo hakuna cha kutabiri.

Tuseme amewahi. Nyama iliyokatwa kwenye uvimbe yatakiwa itiwe formalini, dawa ya kuihifadhi, upesi, tena ya kutosha kuizamisha. Ikicheleweshwa katika joto letu, RNA (nakala ya jeni) ambayo kompyuta inaitaka huharibika. Kisha maabara: nyama igandishwe kwenye nta, ichanwe vipande vyembamba, itiwe rangi, itazamwe kwa darubini. Katika utumbo uliotolewa, mtaalamu wa patholojia atafute tezi za limfu zisizopungua 12. Ni kazi ya vidole. Anapapasa mafuta yaliyouzunguka utumbo, anachomoa kimoja kimoja vinundu ambavyo vingine havizidi punje ya choroko. Akipata vitano tu, hawezi kusema kwa uhakika saratani imefika wapi, kompyuta iwepo isiwepo.

Haya ya mashine bila msingi tushayaonja. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47. Baadhi ya mashine zilikaa bure kwa kukosa umeme, maji au wa kuziendesha, na kaunti zikakatwa pesa vilevile, hadi Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza.

Ningeulizwa, ningeanza na formalini, wataalamu wa patholojia, na karani wa kumsaka mgonjwa huko Likoni majibu yakitoka. Maana hata kompyuta ikisema hatari ni kubwa, kinachofuata ni kemo na picha za CT, na bima ya afya ya serikali, SHA, ilipoanza Oktoba 2024 kikomo cha malipo ya saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa mwaka. Hizo zilikuwa za kaya nzima, si za mgonjwa mmoja.