"Rudi ofisini!" Sawa, lakini mkataba wako unasema ofisi ni wapi?

UZI. Mjadala huu ukianza huku, watu hugawanyika papo hapo: wa nyumbani ni wavivu, wa ofisini ni watumwa wa bosi. Wanasiasa nao wanadandia. Hebu tuutazame tukiwa Mtito Andei, katikati ya Nairobi na Mombasa.

Hapa wengi hawana hilo la kuchagua. Huwezi kujazia lori mafuta ama kufua mashuka ya loji kwa laptopu. Ukisikia "Wakenya wafanyie kazi nyumbani", uliza Wakenya gani.

Sasa tuseme wewe ni karani wa kampuni ya Nairobi. Machi 2020 serikali ilipohimiza watu wafanyie kazi nyumbani, ukaachana na kodi ya jiji ukarudi kwenu Mtito. Leo bosi anakuita. Ana haki?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mahali pa kazi paandikwe. Pakibadilika, mwajiri ashauriane nawe kisha akujulishe kwa maandishi. Kwa hivyo kama karatasi bado inasema Nairobi, na kukaa Mtito ilikuwa ruhusa ya korona tu, hoja yako ni nyembamba. Pole. Lakini kama mkataba ulirekebishwa ukasema unafanyia kazi nyumbani, meseji ya WhatsApp Ijumaa jioni, "Jumatatu tuonane", haitoshi.

Na kodi je? Kifungu cha 31: mwajiri akupe makao yanayofaa karibu na kazi ama pesa za kukodi, isipokuwa mshahara tayari umejumuisha za nyumba. Angalia payslip kabla hujapiga kelele.

Wanaosahaulika kabisa ni vijana wa vibarua vya mtandaoni, wale wa kunukuu sauti na kuweka lebo kwenye picha. Programu ya Ajira Digital imewahimiza tangu 2016. Wengi hawana mkataba wa ajira, kwa hivyo vifungu hivyo viwili haviwashiki. Stima ikipotea, kazi ikichelewa, hasara ni yao. Bando pia ni lao. Hakuna anayewaambia warudi ofisini. Hawakuwahi kuwa nayo.

Mgombea akija stendi kuahidi "kazi za mtandao", muulize mwajiri atakuwa nani, na stima ikipotea nani analipa.

Mnaouliza kuhusu mswada wa Seneti wa 2022, ule wa haki ya kutojibu simu za kazi usiku: waajiri waliupinga, na hata huo ulizungumzia mfanyakazi aliyeajiriwa.